Bawa la Kulia la Lindsay Noske

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka, pikapu nyeupe inatambaa kwenye barabara ya ndani ya maghala ya nafaka ya Kerrimbool. Nyuma, mahali pa mzigo, limefungwa bawa la ndege lenye upana wa mita mbili na kidogo. Ndege yenyewe haipo. Mzee mmoja amepiga magoti juu ya godoro kuukuu nyuma ya bawa hilo, kajifunga kamba kiunoni, kavaa miwani ya kuogelea.

"Arobaini!" anapaza sauti Gwenda Pilmer kutoka kwenye usukani, kichwa nje ya dirisha. "Niongeze?"

"Bakia hapo hapo! Usiguse kitu!"

"Nimebeba watoto wa wilaya hii kwenye basi la shule miaka ishirini na tisa, sikumwaga hata mmoja. Bawa ndilo litanishinda?"

Lindsay Noske, 63, ameshika wenzo wa bawa. Macho yake yako kwenye nyuzi nyekundu za sufu, mia moja na kumi na mbili kwa hesabu yake, kila moja ndefu kama kidole, alizozibandika kwa utepe juu ya bawa zima. Anavuta wenzo, na bawa linainua ukingo wake wa mbele polepole. Digrii kumi. Digrii kumi na mbili. Nyuzi zote zimelala zikielekea nyuma. Kwenye digrii ya kumi na nne, zile za katikati, pale ambapo mwili wa ndege ungekuwepo, zinaanza kutetemeka, kisha zinasimama na kugeukia mbele. Zile za kwenye ncha mbili zimelala bado, kushoto na kulia sawasawa.

Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta kwa miezi kumi na minne. Ungetegemea apige kelele. Anagonga paa la gari mara mbili ili Gwenda asimame, anavua miwani, anakaa kitako juu ya godoro na kutazama barabara.

"Vipi?" anauliza Gwenda.

"Safi."

"Safi tu?"

"Safi kabisa. Turudie."

Gwenda, ambaye ana miaka 71 na ndiye katibu wa klabu ya warusha ndege za mfano ya hapa, anashusha pumzi na kugeuza gari. Kwa hesabu yake, hii ni mara ya ishirini na sita tangu msimu wa baridi. Na mara za karibuni zote, anasema, bawa halikuwa na kasoro.

Wanaorusha ndege hizi wanajua kitu kimoja kinachowanyima usingizi. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, hasa inapotua, hewa huacha kulishika bawa, na bawa lililoachwa na hewa haliwezi kubeba chochote. Hewa ikiachia katikati kwanza, kama nyuzi zile zinavyoonyesha, ndege huinamisha pua kwa upole, na rubani hupata nafasi ya kuiokoa. Ikiachia kwanza kwenye ncha ya upande mmoja, bawa la upande huo hudondoka ghafla, ndege inabiringika, na kama iko mita tatu tu kutoka ardhini, kwisha habari.

Dawa yake ni ya zamani. Unapojenga bawa, unalipinda kidogo sana ili ncha zake ziangalie chini kuliko katikati. Digrii mbili zinatosha. Unaweka kabari chini ya ukingo wa nyuma, unagandisha vipande vya balsa, ule mti mwepesi kama karatasi, unasubiri gundi ikauke, basi. Jambo la dakika tano, na Lindsay amelifanya tangu akiwa kijana.

Kazi iliyomlisha ni nyingine. Kwa miaka thelathini na mmoja ameajiriwa kwenye maghala haya ya Wimmera, kusini mwa Australia. Msimu wa mavuno ukianza, husimama juu ya jukwaa la chuma akizamisha bomba refu kwenye ngano ya kila lori ili kuchukua sampuli. Siku nzuri hupita malori mia moja na arobaini. Siku ni ya saa kumi na mbili, jua ni la Novemba, na malipo ni dola thelathini na nne kwa saa. Mavuno yakiisha hubaki na siku tatu kwa wiki: kufagia maghala, kufukuza wadudu, kupaka rangi.

"Zinatosha kula na kununua balsa," anasema. "Wiki nyingine balsa kwanza."

Jumapili huwa kwenye shamba la mabua nje ya mji, mahali klabu inaporushia. Zamani walikuwa wanachama arobaini na watatu. Leo wamebaki kumi na mmoja, na magoti mazima, Gwenda anasema, ukiyakusanya hayafiki kumi. Lakini taratibu zao hawajaziacha, na mbili wanazishika kuliko kanisa.

Ya kwanza: mjenzi harushi ndege yake mwenyewe mara ya kwanza. Mikono yake itatetemeka. Anampa rimoti mtu anayemwamini, kisha anasimama nyuma yake na kunyamaza. Ya pili: ndege ikianguka, wote hujipanga mstari na kulitembea shamba kuokota vipande, wanavitia kwenye mfuko, wanarudi kunywa chai. Mpaka kikombe cha kwanza kiishe, hakuna anayeruhusiwa kusema neno kuhusu ajali.

Kila ndege aliyoijenga Lindsay kwa miaka kumi na minne, aliyeirusha mara ya kwanza ni binti yake, Janelle. Alianza akiwa na miaka kumi na saba. Wenzake wote wanakubali kwamba klabu haijapata vidole gumba vitulivu kama vyake.

"Nilikuwa nasimama nyuma yake namtazama kisogo tu," Lindsay anasema. "Ndege hata siiangalii. Kisogo chake kikitulia, najua mambo yako sawa."

Ndege iliyowatenganisha aliijenga pamoja na Merle, mkewe. Balsa ni kazi ya Lindsay, lakini kitambaa cha kufunikia, kile kinachobandikwa kwa pasi, kilikuwa cha Merle. Alikifanya akiwa tayari mgonjwa, amekaa kwenye kiti cha jikoni, nusu saa leo, robo saa kesho. Rangi aliichagua mwenyewe, krimu na bluu. Alifariki mwezi wa Februari, na ndege ikarushwa Aprili. Ni miaka mitatu sasa.

Siku hiyo upepo ulikuwa shwari. Ndege iliruka. Ilipokuwa juu, Janelle alisema kwa sauti, bila kugeuka, "Baba, hii ndege inavuta kushoto. Nimeisahihisha sana na bado inavuta."

"Ni upepo," Lindsay alimjibu.

"Upepo uko wapi?"

"Rusha, mwanangu. Mdomo baadaye."

Wakati wa kutua, ikiwa juu ya mabua mita mbili au tatu, bawa la kulia lilidondoka. Janelle alivuta kwenda kushoto kuliinua, kama ambavyo mkono wa mtu yeyote ungefanya, na kwa bawa lililokwisha kuachwa na hewa huko ni kulizamisha zaidi. Ndege iligonga chini kwa ncha, ikajiviringa mara mbili.

Walijipanga mstari. Waliokota vipande. Gwenda, aliyekuwa akitembea upande wa kulia wa Lindsay, anakumbuka kwamba mzee alikuwa ameshika kipande cha kitambaa cha krimu, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Nikamwambia kimoyomoyo, Lindsay, ngoja chai. Ngoja chai, tafadhali," anasema Gwenda.

Hakungoja. Katikati ya shamba, mbele ya watu tisa, alimgeukia binti yake na kumwambia, "Kazi ya mwisho ya mikono ya mama yako, na wewe umeitupa chini kama takataka."

Janelle aliuweka mfuko chini, akaenda kwenye gari lake. Wiki mbili baadaye alipata kazi ya kuendesha malori ya mgodi huko Karratha, upande wa pili wa nchi, safari ya ndege mbili na siku nzima. Tangu hapo wamezungumza Krismasi na siku za kuzaliwa. Wanazungumza hali ya hewa. Kule joto, huku ukavu. Kule kimbunga, huku baridi. Kisha mmoja anasema haya basi, na mwingine anasema haya.

"Unajua mtu anaweza kuijua mvua ya Karratha kuliko ya nyumbani kwake?" Lindsay anauliza na kucheka kidogo bila furaha.

Mifuko ya vipande aliitundika kwenye dari la banda lake na hakuigusa kwa zaidi ya miaka miwili. Msimu wa baridi wa mwaka jana dari lilivuja, ikabidi aishushe. Alipovimwaga vipande juu ya meza, aliona kwamba bawa la kulia lilikuwa limevunjika karibu na mwili tu; sehemu ya nje, hadi kwenye ncha, ilikuwa nzima. Akalilaza mezani. Halikulala.

"Nikadhani meza imepinda," anasema. "Nikaligeuza. Nikaleta rula. Nikapima mara nne."

Ncha ya bawa la kulia ilikuwa imepindwa digrii mbili kwenda juu. Ile ya kushoto, kilichobaki cha kushoto, ilikuwa digrii mbili kwenda chini, kama ilivyotakiwa.

Namna kosa lilivyotokea, mtu asiyejenga ndege hawezi kukisia. Mchoro wa bawa huwa ni wa upande mmoja tu. Wajenzi wa zamani, ili wasichore mara mbili, huupaka mchoro mafuta ya kupikia mpaka karatasi inakuwa kama kioo, mistari inaonekana kwa nyuma. Unajenga bawa la kushoto, unaugeuza mchoro chali, unajenga la kulia. Lindsay aliugeuza kwa kuuelekeza kwake, hivyo ukingo wa mbele wa bawa ukaja upande wa tumbo lake, palepale ulipokuwa ukingo wa nyuma. Kabari ya milimita sita alikuwa ameipigilia msumari kwenye ubao wa kujengea, kwenye kona ile ya ukingo wa nyuma, na hakuing'oa; sasa ikainua ukingo wa mbele.

"Ilikaa pale pale. Mkono haukuwa na sababu ya kuigusa," anasema, akionyesha kwa kiganja juu ya ubao ambao bado una tundu la msumari. "Merle alikuwa jikoni ananiita chai. Nikapaka gundi, nikaenda."

Ndege ile isingeweza kutua salama mikononi mwa mtu yeyote. Kuvuta kwake kushoto kulikuwa kunasema hivyo tangu dakika ya kwanza, na aliyeusikia ujumbe huo alikuwa mmoja tu. Lindsay anasema alikaa juu ya ndoo ya rangi humo bandani mpaka miguu ikafa ganzi. Anasema alilia, na hasemi kwa kuzungukazunguka.

Hapo ndipo alipoanza kujenga bawa jipya. Safari hii alichora michoro miwili, kushoto na kulia, kila mmoja na mshale mwekundu unaoonyesha mbele. Ncha alizipinda chini digrii mbili na kuzipima kila asubuhi kwa wiki nzima. Ukingo wa mbele, kuelekea nchani, aliufanya mnene na wa mviringo zaidi ili hewa isiukimbie haraka. Katikati, karibu na mwili, alibandika vipande viwili vya mti vyenye makali ili hewa iachie hapo kwanza. Kisha akaomba ruhusa ya kutumia barabara ya maghala kabla malori hayajafika, na akachukua nyuzi za sufu za Merle zilizobaki kwenye kikapu.

Kufikia Julai bawa lilikuwa tayari. Kufikia Septemba lilikuwa bora. Darryl Hein, mwenye shamba wanaporushia, ambaye siku hizi ndiye rubani mzuri kuliko wote, alijitolea mara tatu kulirusha.

"Nimemwambia, mzee, nipe tu nikurushie," Darryl anasema. "Ananiambia bado kidogo. Bado kidogo gani? Lile bawa ukilirusha juu na rimoti imezimwa litatua lenyewe na kuomba chai."

Gwenda ana maelezo yake, na asubuhi hii, wakiwa wameegesha pikapu kando ya ghala namba nne wakinywa chai ya chupa, anayasema mbele ya mwenyewe.

"Huyu anajenga bawa ili asipige simu."

"Gwenda."

"Nimekosea? Miezi kumi na minne! Mwanzoni ulisema ukingo wa mbele. Sawa. Ukasema vile vijiti vya katikati. Sawa. Leo nyuzi zimelala kama watoto wachanga, bado unaniambia turudie. Unatafuta nini humo?"

"Nitamwambia nini kwenye simu? Hujambo Janelle, huku kavu, halafu kumbe ni mimi?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo! Hata hiyo 'huku kavu' iache."

Lindsay anamwaga masalia ya chai chini. "Nikimwambia kwa mdomo ataona ninambembeleza," anasema. "Nataka aone mwenyewe. Yeye akiona atajua."

"Basi mpelekee aone, bwana wewe."

Lindsay aliyatia maneno hayo akilini. Jumatano iliyofuata alilikata bawa la zamani la kulia pale palipobaki zima, akalifunga kwenye blanketi na boksi refu, akalipeleka posta. Humo ndani alitia pia mchoro ule wenye mafuta, uliokunjwa, na kabari ya milimita sita, msumari wake ukiwa bado umo. Barua hakuandika. Alianza nne, anasema, na zote zilianza na hali ya hewa.

Yaliyotokea baada ya siku tisa yanasimuliwa Kerrimbool nzima, lakini aliyeyaona karibu kuliko wote ni Kerrin Ampt, mwanamke wa miaka thelathini na minane ambaye ndiye bosi wa maghala.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Malori kumi na saba yalikuwa kwenye foleni, injini zinanguruma, vumbi la ngano limetanda. Lindsay alikuwa juu ya jukwaa, bomba liko ndani ya ngano, simu ikaita mfukoni. Kwa desturi hapokei simu kazini. Aliitazama, akaliacha bomba likiwa limesimama humo humo.

"Nikamfokea, Lindsay, bomba!" Kerrin anasema. "Hata hakunisikia."

Lindsay anasema sauti ya Janelle ilikuwa inakuja na kupotea. Aliiweka simu kwenye spika na kuisogeza sikioni.

"Boksi limefika, Baba. Nimelilaza mezani."

"Umeona?"

"Nimeona."

Kisha kelele za malori tu. Lindsay alidhani mengine yatajisema yenyewe. Ndivyo alivyokuwa amepanga.

"Umenitumia mbao," Janelle akasema. "Mbao na msumari wake. Sasa wewe mwenyewe unasemaje?"

Alisema. Kwa sauti ya chini, kwanza.

"Sikusikii, Baba."

"Nimesema kosa lilikuwa langu."

"Sikusikii. Kuna kelele huko."

Madereva walikuwa wameanza kuchungulia madirishani kujua kimekwama nini. Lindsay Noske, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti juu ya jukwaa lile, aliigeukia simu na kupiga ukelele uliofika mpaka kwenye mizani.

"KOSA LILIKUWA LANGU! Bawa nililipinda mimi! Ulirusha vizuri! Ulirusha vizuri, mwanangu, na nilikusema mbele za watu!"

Dereva wa lori la tatu alizima injini. Wa pili naye akazima. Kerrin anasema kulitulia ghafla kiasi kwamba jibu lililotoka kwenye ile simu ndogo alilisikia hata yeye, aliyekuwa chini.

"Nilisikia mara ya kwanza, Baba."

Halafu Janelle akasema ataangalia zamu zake, likizo mgodini ni shida, hawezi kuahidi. Halafu akakata.

Hajasema anakuja. Lindsay analirudia hilo kila anapoulizwa, kana kwamba anajizuia asilisahau. Huenda ikawa Februari, huenda baada ya Pasaka, huenda isiwe. Bawa jipya ameliunganisha na mwili wa ndege na kuufunika wote kwa shuka. Nyuzi amezibandua. Asubuhi anaamka saa ile ile, anasimama mlangoni mwa banda, anarudi ndani kuwasha birika. Anasema nyumba imekuwa na kimya kingine, kile cha mtu anayetega sikio kwa mlio wa gari.

Kazini alifanya jambo moja zaidi. Ijumaa alikwenda ofisini kwa Kerrin kuomba fomu ya likizo, siku nane, za kwanza kuziomba tangu mazishi ya mkewe. Kerrin alimpa fomu na kalamu. Mzee aliijaza akiwa amesimama, jina, namba, sababu, akaisukuma mezani.

Mahali pa tarehe alikuwa ameandika: "Akifika Janelle."

"Nikamwambia, Lindsay, kompyuta haitaki hivi. Inataka tarehe," Kerrin anasema. "Akaniambia, hata mimi."

Kerrin aliivuta karatasi ile. Kisha akaitia sahihi.